Uzito wa Upanga, Uzito wa Panga

Kwa mujibu wa sarufi ya Kiswahili, panga ni kubwa kuliko upanga. Ukiondoa kiambishi u- katika neno upanga na kuliingiza neno hilo katika ngeli ya LI-YA, unapata panga, na wingi wake mapanga. Nalo, kama yalivyo maneno jitu na jumba, hubeba maana ya ukubwa, na wakati mwingine harufu ya dharau. Lakini ukienda na futi kamba kupima chuma chenyewe, utakuta kipimo kinaikana sarufi. Upanga wa vitani ni mrefu. Panga la shambani ni fupi. Leo nataka nitafakari nanyi ni kwa nini huenda lugha yetu, bila kukusudia, ilisema kweli kuliko futi kamba.

Mjadala huu ulianzia darasani. Mwanafunzi mmoja, kijana mchangamfu kutoka Geita, alidai kwamba wapanda farasi wazito wa Ulaya walibeba panga za kilo 10 au zaidi, na kwamba ndiyo maana waliitwa wazito. Wenzake wakamuunga mkono. Wote walikuwa wameziona filamu zilezile. Niliwajibu kwa takwimu, kwa sababu nilipokuwa masomoni Uingereza nilipata kuitembelea makumbusho ya silaha ya Royal Armouries iliyoko Leeds, nikasimama muda mrefu mbele ya silaha hizo, na baadaye nikazisoma.

Upanga wa wapanda farasi wazito wa Uingereza wa muundo wa mwaka 1796, ambao ulitumika hadi vita vya Waterloo tarehe 18 Juni 1815, ulikuwa na ubapa mnyoofu wa takriban sentimita 89 na uzito wa kilo 1 na kidogo. Wafaransa waliovaa dirii za chuma kifuani walibeba upanga wenye ubapa mrefu zaidi, karibu sentimita 97. Hata panga za mashujaa wa zama za kati, wale tunaowaona katika filamu wakizinyanyua kwa kuguna, nyingi zilikuwa na uzito wa kati ya kilo 1 na kilo 1 na nusu. Na kitara cha wapanda farasi wepesi, chenye ubapa uliopinda, kilipishana na upanga wa wazito kwa gramu chache tu. Mkono wa mwanadamu haukubadilika: kitu cha kilo 10 hakuna awezaye kukizungusha kwa saa moja akabaki hai.

Basi uzito ulikuwa wapi? Ulikuwa katika farasi. Farasi mkubwa wa vita alikuwa na uzito wa karibu nusu tani. Juu yake alikaa mwanamume aliyechaguliwa kwa kimo chake, na kandokando yake mamia ya wenzake, goti kwa goti. Nyuma yao kulikuwa na serikali iliyolisha farasi, kulipa mishahara na kufua vyuma. Kilo moja ya upanga ilikuwa ncha tu ya mzigo huo wote. Aliyechomwa nayo alichomwa na farasi, na kikosi, na hazina ya mfalme.

Naomba msomaji wangu aishike hoja hiyo, kwa maana ndiyo nitakayorudi nayo nyumbani: uzito wa silaha hupimwa kwa kile kinachoisukuma.

Huku kwetu, wapanda farasi hawakuwahi kuwa jeshi, na sababu yake haikuwa upungufu wa ushujaa. Sababu ilikuwa mdudu. Mbung'o hubeba vijidudu vya nagana, na farasi hufa mapema kwa ugonjwa huo. Richard Burton, Mwingereza ambaye mwaka 1884 alichapisha kitabu kizima juu ya historia ya upanga, alipita katika nchi hii miaka ya 1857 na 1858. Bingwa huyo wa panga alifika Tabora, wakati huo ikiitwa Kaze, kwa nguvu za wapagazi na punda, nao punda walikuwa wakimfia njiani. Ni kutoka Kaze ambako mwenzake, John Hanning Speke, aliondoka Julai 1858 akapita Usukumani kuelekea kaskazini, na mwanzoni mwa Agosti akalitazama ziwa ambalo alilipa jina la malkia wake. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alijaribu kuja na farasi wawili. Wote walikufa kabla hajafika mbali na pwani. Na mwaka 1916, Waafrika Kusini waliofika Kondoa Irangi na kikosi cha farasi chini ya Jenerali van Deventer walishuhudia maelfu ya wanyama hao wakiteketea katika vita dhidi ya Wajerumani. Mdudu asiyezidi ukubwa wa kucha aliwashinda wapanda farasi wa dola kubwa kuliko zote duniani.

Kisha Waingereza wakaamua kupigana na mdudu huyo, na makao makuu ya vita hivyo yakawekwa Shinyanga. Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o katika Tanganyika hadi kifo chake mwaka 1938, alifanyia kazi zake katika mji tunaouita sasa Shinyanga ya Zamani. Mbinu mojawapo kuu ilikuwa kufyeka. Watemi waliwaita watu wao kwa maelfu, nao wakaingia vichakani na mashoka na mapanga, wakaangusha miti ili mbung'o akose kivuli. Ng'ombe wakaongezeka, pamba ikapandwa, na miti ikazidi kupungua. Kufikia miaka ya 1980, sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa imebaki uwanda mtupu, hadi serikali ikaanzisha mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, uliohuisha utaratibu wa wazee wetu wa kutenga ngitili. Mamia ya maelfu ya hekta za uoto zimerejea kwa njia hiyo, na jambo hilo ni la kujivunia.

Lakini wakati miti ilipokuwa imekwisha, akina mama walipika kwa nini? Walipika kwa mabua, kwa vijiti vya pamba na kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Moshi wa kuni hizo ni mkali. Mwanamke aliyeinamia jiko la namna hiyo kwa miaka 50, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, hufika uzeeni na macho mekundu. Na katika nchi yetu ya Usukuma, macho mekundu ya bibi kizee yaligeuzwa kuwa hati ya mashtaka.

Nimezaliwa katika kijiji kimoja cha Kahama, kando ya njia ya kuelekea Geita. Mwaka 1991, nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, jirani yetu aliuawa usiku. Tulimwita Bibi, kama tulivyowaita wote wa rika lake. Alikuwa mjane, na alikuwa na kipande cha shamba la mpunga bondeni. Katika ukoo wa marehemu mumewe mtoto alikuwa amefariki; watu wakaenda kwa mpiga ramli; mpiga ramli hakutaja jina, alisema tu kwamba adui hakai mbali na ana macho yanayowaka. Siku chache baadaye tulikuta watu wazima wamesimama kimya nje ya nyumba yake. Panga lilikuwa limetupwa karibu na kisima. Lilikuwa panga la kawaida kabisa, mpini wake umezungushiwa mpira wa baiskeli, kama la baba yangu na kama la kila mtu.

Nakumbuka jambo moja kuliko mengine. Majuma mawili kabla, ng'ombe wawili walikuwa wameibiwa, na kijiji kizima kiliamka kwa mwano, yowe letu la hatari. Wanaume walitoka na pinde na mishale, wakapokezana yowe hilo kijiji hadi kijiji, na kufikia alfajiri ng'ombe walikuwa wamepatikana. Usiku aliouawa Bibi, mwano haukulia. Asubuhi nilimuuliza baba. Alinitazama kwa muda kisha akasema, "Mwanangu, hatukusikia kitu. Ukiulizwa, hatukusikia kitu."

Baba yangu hakuwa mwoga wala mkatili. Alikuwa na mama yake mzazi ndani ya boma, naye pia alikuwa na macho mekundu. Tangu siku ile bibi yangu alihamishiwa chumba tulicholala sisi watoto, na kila alipotaka kwenda kisimani alinawa macho kwanza kwa maji ya baridi, tena na tena, mbele ya kipande cha kioo. Msimu uliofuata, lile shamba la mpunga lililimwa na watu wengine.

Mwaka jana, nikiwa likizo, nilinunua panga sokoni mjini Shinyanga, nikalipima. Ubapa ulikuwa sentimita 44. Muuza mchele wa jirani aliniwekea juu ya mizani yake: gramu 620. Ni nusu ya urefu wa upanga wa Waterloo, na uzito wake unakaribia nusu ya ule. Hakuna mtu sokoni aliyenitazama mara mbili, kwa kuwa panga ni zana ya kila nyumba: huchonga mpini wa jembe, hukata majani ya mifugo, hupasua muwa wa watoto. Huwezi kulipiga marufuku bila kupiga marufuku kilimo. Kilio cha Rwanda mwaka 1994, wakati Mto Kagera ulipokuwa ukishusha maiti hadi katika ziwa hili tunalovua samaki, kilitufundisha kwamba zana hiyohiyo, ikisukumwa na redio, chama na serikali, inaweza kufanya kazi ambayo vikosi vya farasi havikuiweza.

Sasa turejee kwenye hoja tuliyoishika. Nini kiko nyuma ya zile gramu 620? Nyuma yake kuna mpiga ramli anayelipwa. Kuna mrithi anayeitamani ardhi au ng'ombe. Kuna muuaji wa kukodiwa, asiye hata na ugomvi na marehemu. Na nyuma ya hao wote, goti kwa goti kama kikosi cha wapanda farasi, kuna majirani ambao hawakusikia kitu. Hapo ndipo ninapoona kwamba sarufi haikukosea. Panga ni kubwa kweli.

Dola yetu imewahi kujaribu kulijibu tatizo hili kwa kishindo. Katikati ya miaka ya 1970, mauaji ya vikongwe yalipozidi katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, vyombo vya dola viliendesha msako mkubwa, na watuhumiwa kadhaa walifia mikononi mwa vyombo hivyo. Mwaka 1977, Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Hakuwa amemgusa mtu yeyote kwa mkono wake. Aliwajibika kwa sababu yaliyotendeka yalitendeka chini ya dhamana yake. Miaka minane baadaye, mwaka 1985, alikuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Viongozi wa leo wanaodhani kwamba kujiuzulu ni kaburi la kisiasa wangepaswa kuusoma ukurasa huo upya.

Wanahistoria wa Waterloo husimulia kwamba wapanda farasi wazito wa Uingereza walilivunja jeshi la miguu la Wafaransa kwa shambulio moja la kutisha, kisha wakalevywa na kasi yao wenyewe. Walikwenda mbali mno, farasi wakachoka, na wapanda farasi wa Kifaransa wenye mikuki wakawamaliza. Operesheni zetu nyingi zina ugonjwa huo. Huanza kwa vumbi na kamera, zikafika mbali kuliko sheria inavyoruhusu, na zinapomalizika kijiji hubaki na watu walewale, na ukimya uleule.

Wananchi nao walijaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika eneo la Kahama na kwingineko Usukumani na Unyamwezini, walianzisha Sungusungu ili kupambana na wizi wa ng'ombe. Wizi ulipungua, na mwaka 1989 sheria ilirekebishwa ili kuvitambua vikundi hivyo vya ulinzi wa jadi. Ninaliheshimu jeshi hilo la pinde na mishale, kwa maana lilithibitisha kuwa kijiji kinaweza kujilinda bila kungoja gari la polisi lisilo na mafuta. Lakini ukweli mwingine lazima usemwe: kuna mahali ambapo Sungusungu walewale waliwageukia vikongwe, wakawahoji na kuwafukuza kama wachawi. Mwano ulilia kwa ajili ya ng'ombe kwa sababu kila mtu alikubali kwamba ng'ombe ni mali. Kuhusu bibi kizee, kijiji hakikuwa na makubaliano.

Halafu ikaja dhahabu. Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu enzi za Wajerumani, lakini zama za migodi mikubwa ya sasa zilianza na mgodi wa Geita mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Pembeni ya uzio wa migodi hiyo, maelfu ya vijana wanashuka katika maduara kwa kamba, wakibahatisha. Mchimbaji mdogo anaweza kuchimba miezi sita asipate kitu, na jirani yake, hatua 10 kutoka pale, akatajirika kwa usiku mmoja. Mahali ambapo jasho na malipo havina uhusiano unaoonekana, muuza bahati hapati shida ya kupata wateja. Hivyo ndivyo, kuanzia takriban mwaka 2007, nchi yetu ilivyopata aibu ya mauaji ya watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huohuo, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino wa Bukombe, wilaya iliyokuwa Shinyanga wakati huo, na ambayo tangu mwaka 2012 ni sehemu ya Mkoa wa Geita. Zana ilikuwa ileile ya shambani. Waliobeba mapanga walihukumiwa. Waliokuwa na fedha za kununua viungo vya binadamu wenzao ni nadra sana kuwasikia kizimbani.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni elimu, na mimi, ambaye nakula kwa kufundisha, ningependa iwe hivyo. Lakini nimewahi kukutana na wenye shahada wanaompigia simu mganga kabla ya kugombea ubunge. Elimu peke yake haiondoi faida iliyomo katika kifo cha mjane. Kinachohitajika ni kuuondoa uzito ulio nyuma ya panga, mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Halmashauri zetu za Shinyanga na Geita zingetoa hati za hakimiliki za kimila kwa wajane kwanza, kabla ya kumpimia mwekezaji, na zikaweka wazi kwamba ardhi ya aliyeuawa haitagawanywa wala kulimwa hadi upelelezi ufungwe, hesabu ya muuaji ingebadilika.

Wa pili ni umaskini wa uzee. Tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, lakini sera haipiki uji. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Si fedha nyingi, lakini bibi anayepokea kitu kila mwezi ni tegemeo la wajukuu, na ni vigumu zaidi kwa ukoo kukubaliana kwamba yeye ndiye balaa. Tanzania Bara, yenye dhahabu ya Geita, inashindwa nini?

Wa tatu ni ukimya. Bado tunaitumia Sheria ya Uchawi iliyotungwa na mkoloni mwaka 1928, ambayo humwadhibu anayemtaja mwenzake kuwa mchawi, lakini wapiga ramli wanaoketi gerezani kwa kosa hilo ni wachache mno. Tuna pia Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Ningependa kusikia, katika mkutano wa hadhara wa kijiji, mkuu wa wilaya akiisoma sheria hiyo kwa Kisukuma, na kumweleza mwananchi ni nani hasa atakayemlinda yeye na mama yake akisema alichokisikia usiku. Bila jibu la swali hilo, wanaume wema wataendelea kuwa viziwi.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Ni rahisi kwetu kustaajabia panga ndefu za mataifa ya mbali, zilizolala ndani ya makabati ya vioo, na kubishana kama zilikuwa na kilo 1 au kilo 10. Hizo zimekwisha kumaliza kazi yake. Lililobaki na kazi liko nyuma ya mlango wa jikoni, na litaendelea kuwa jembe la msaidizi au silaha ya mauaji kulingana na sisi tunaolizunguka. Mwanafunzi wangu wa Geita aliniuliza mwishoni mwa kipindi, "Sasa mwalimu, tuanzie wapi?" Nilimwambia aanzie katika mkutano wa kijiji chake, likizo hii, na ajenda moja: mwano ulie kwa ajili ya bibi kama unavyolia kwa ajili ya ng'ombe. Nawaombeni nanyi, wasomaji wangu wa Shinyanga na Geita, muipeleke ajenda hiyohiyo katika mikutano yenu, na mniandikie wenyeviti walijibu nini.